Maswali yanayoulizwa mara kwa mara: kuokoa data kwenye faili la Access lililoharibika

Maswali haya huniletea watunza kumbukumbu wa zahanati, wahasibu wa SACCOS, makarani wa shule na wenye maduka ya dawa: watu ambao miaka yao ya kazi imo ndani ya faili moja la Access (programu ya hifadhidata ya Microsoft), lenye kiambishi .mdb au .accdb. Wengi hufika kwangu wakiwa wameshajaribu mambo matatu au manne, na mara nyingi hayo waliyojaribu yamefanya uharibifu kuliko tatizo lenyewe. Kwa hiyo hata kama una haraka, soma kwanza swali la 1 na la 2.

## Kabla hujagusa chochote

1. Faili limegoma kufunguka. Nianze wapi?

Anza kwa kuacha kulifungua. Waambie wote wanaolitumia watoke, kisha nakili faili lilivyo kwenye diski nyingine. Ipe nakala hiyo jina jipya lenye tarehe, na uilinde kwa kuiwekea alama ya kusomwa tu. Toa nakala ya pili kutoka kwenye hiyo ya kwanza, na kazi yote ya uokoaji ifanyike kwenye ya pili. Ukiiharibu, unarudi kwenye ya kwanza na kuanza upya.

Nasisitiza hili kwa sababu Access inapokutana na faili inaloliona bovu hupendekeza kulitengeneza yenyewe, na kutengeneza ni kuandika. Kila unapobofya "Yes" kwenye ujumbe ule, kuna uwezekano ukurasa uliokuwa unasomeka nusu usisomeke kabisa. Kama Access imeshajaribu, tafuta kwenye folda hiyohiyo faili lenye jina lako likifuatiwa na _Backup. Hilo ndilo faili kama lilivyokuwa kabla ya matengenezo, na kwa uokoaji lina thamani kuliko lile "lililopona". Kwenye matoleo ya zamani angalia pia kama kuna db1.mdb, ambalo hubaki pale ukandamizaji (Compact) ukikatika katikati.

2. Si kuna kitufe cha "Compact and Repair"? Kwa nini nisikibonyeze tu?

Kitufe hicho huokoa faili, na kuokoa faili si sawa na kuokoa data yako. Hutengeneza faili jipya, hunakili humo kila kinachosomeka, kisha faili jipya huchukua jina la lile la zamani. Kisichosomeka hakinakiliwi. Kwa hiyo unaweza kupata faili zima, linalofunguka vizuri, likiwa limepungukiwa rekodi ambazo kwa njia nyingine zingepatikana.

Niliwahi kuletewa daftari la wateja la duka moja ambalo karani alikuwa amelikandamiza mara tano mfululizo, kila mara akitumaini hali itakuwa bora. Majedwali yote yalifunguka, ila lile la madeni lilikuwa na miezi minane tu. Hakukuwa na nakala ya kabla. Kile kilichokosekana sikuweza kukirudisha, na mpaka leo swali la kwanza ninalomuuliza mtu ni kama amekandamiza.

Kitumie, lakini kwenye nakala, na baada ya kutoa majedwali kwa njia ya swali la 5. Kikishamaliza, angalia kama kumetokea jedwali liitwalo MSysCompactErrors: ndimo Access inapoorodhesha vitu ilivyoshindwa kuvitengeneza. Watu wengi hulifunga bila kulisoma, kumbe ndiyo hati ya hasara yao.

3. Nitajuaje kama faili limeharibika kweli?

Si kila faili linalogoma ni bovu. Ujumbe kwamba muundo wa hifadhidata hautambuliki, kosa namba 3343, hutokea pia mtu anapofungua .accdb kwa Access 2003, kwa sababu aina hiyo ya faili ilianza na Access 2007. Vilevile Access 2013 na matoleo yaliyofuata hayafungui kabisa mafaili ya Access 97. Faili la aina hiyo tafutia kompyuta yenye Access 2003, 2007 au 2010, ulibadilishe humo.

Angalia pia faili dogo la kufuli lenye .ldb au .laccdb. Hutokea mtu anapofungua hifadhidata na hufutika wa mwisho anapotoka. Likibaki wakati hakuna aliyeingia, lifute kisha ujaribu tena. Kama linabaki kila siku, huenda watumiaji hawana ruhusa ya kufuta ndani ya folda hiyo.

Jaribio jingine ni hesabu. Tangu Access 2000, faili limegawanywa katika kurasa za baiti 4,096. Tazama ukubwa wake kamili kwa baiti, kisha ugawe kwa 4,096. Faili la baiti 48,123,904 linatoa kurasa 11,749 kamili. Ukibakiwa na sehemu, faili limekatwa mkia, pengine wakati wa kunakiliwa kwenye flashi au kutumwa kwa barua pepe. Hapo rudi ulikochukua ukalinakili upya kabla ya kuanza uokoaji.

4. Kwa nini mafaili haya huharibika mara kwa mara?

Kwa sababu Access haina seva inayosimama katikati. Kompyuta ya kila mtumiaji huandika yenyewe moja kwa moja ndani ya faili, kupitia mtandao. Umeme ukikatika, au jenereta ikipokea mzigo kwa mshtuko, wakati ukurasa umeandikwa nusu, nusu hiyo ndiyo inayobaki. Wi-Fi inayokatikakatika hufanya vivyo hivyo bila taa kuzimika. Folda za kusawazisha kama OneDrive na Dropbox ni hatari zaidi, kwa kuwa hunakili faili huku watu wakiwa bado wanaliandikia.

Nimeona ofisi nyingi zimenunua UPS kwa ajili ya kompyuta inayotunza faili na kuisahau swichi ya mtandao iliyo ukutani. Umeme ukikatika kompyuta inabaki hai, swichi inakufa, na watumiaji wote wanakatika katikati ya kuandika. Swichi nayo iingie kwenye UPS.

Kuna kisa kimoja ambacho hakikutokana na umeme wala uzembe wa mtu. Mwaka 2018, baada ya Windows 10 toleo 1803 kutoka, hifadhidata nyingi zilizotumiwa kwenye mtandao zilianza kutoa kosa 3343. Chanzo kilikuwa namna Windows inavyoruhusu kompyuta kushikilia sehemu za faili kwa muda. Njia iliyotumika ilikuwa kuweka thamani ya DisableLeasing kuwa 1 kwenye rejista (Registry, hifadhi ya mipangilio ya Windows) ya kompyuta inayotunza faili, chini ya LanmanServer\Parameters. Ofisi inayopata kosa hilo wakati nyaya na umeme ni salama ianzie hapo.

## Kuokoa majedwali

5. Hatua za kawaida za kutoa data ni zipi?

Tengeneza hifadhidata mpya, tupu, kwenye diski ya kompyuta yako na si kwenye mtandao. Nenda sehemu ya data ya nje, chagua kuingiza kutoka Access, na uelekeze kwenye nakala ya kazi. Ingiza jedwali moja baada ya jingine. Ukichagua yote kwa pamoja, bovu moja linaweza kusimamisha zoezi zima na usijue ni lipi.

Anza na majedwali yasiyo na mbadala: wateja, malipo, mahudhurio, dawa zilizotolewa. Orodha za wilaya na aina za bidhaa unaweza kuziandika upya kwa mkono siku moja. Fomu, ripoti na programu ndogo zisubiri (swali la 9).

Jedwali likigoma kuingia, jaribu kuliunganisha (Link) badala ya kuliingiza (Import). Kisha tunga hoja, ile inayoandikwa Query kwenye menyu, inayochukua safu chache tu. Mara nyingi jedwali lote linaonekana limekufa kumbe safu moja ndiyo mbovu.

Unapohamishia rekodi kwenye jedwali jipya lenye safu ya AutoNumber (inayojipa namba yenyewe), tumia hoja ya kuongeza (Append) na uijumuishe safu hiyo, ili namba za zamani zibaki zilivyo. Ukiacha Access igawe namba mpya, malipo ya mteja namba 212 yatajikuta kwa mteja mwingine. Zipange rekodi kutoka namba ndogo kwenda kubwa, maana Access huweza kuhesabia kuanzia namba ya mwisho iliyoongezwa hata kama si kubwa kuliko zote, na wiki ijayo ukaanza kupata makosa ya namba kujirudia.

6. Baadhi ya rekodi zinaonyesha #Deleted, au herufi za Kichina, au zinatoa kosa 3197. Hizo zimepotea?

Rekodi yenyewe kwa kawaida haijapotea. Kilichovunjika ni safu ya maandishi marefu, ile iliyoitwa Memo zamani na sasa Long Text. Maandishi hayo yakiwa marefu hayakai ndani ya rekodi. Rekodi hubeba kielekezi tu, na maandishi hukaa kwenye kurasa nyingine. Kielekezi kikipotea njia, Access huenda mahali pasipo pake, na ndipo unapoona herufi za ajabu, au kosa 3197 linalodai mtu mwingine anabadilisha data ileile wakati uko peke yako ofisini.

Toa kwanza safu zote isipokuwa hiyo ndefu. Tunga hoja isiyoitaja kabisa, na mara nyingi rekodi zote zitatoka. Hapo umeshapata majina, tarehe na kiasi. Baada ya hapo rudi kwenye maandishi marefu peke yake, pamoja na ufunguo msingi (Primary Key, safu inayotambulisha kila rekodi).

Kumpata mkosaji, gawa kwa nusu. Kama namba zinaanzia 1 hadi 8,000, omba 1 hadi 4,000. Zikitoka salama, kosa liko nusu ya pili, kwa hiyo omba 4,001 hadi 6,000, na kuendelea. Kwa hatua 13 umemshika aliyeharibika hata kama rekodi ni 8,000. Mruke, nakili waliomtangulia na waliomfuata, kisha uendelee kumtafuta mwingine kama yupo. Kazi hii inachosha, lakini nimeona watu wakiacha rekodi elfu kadhaa kwa sababu ya tatu mbovu, na hilo linaniuma.

Msomaji anayejua VBA, lugha ya kuandikia programu ndani ya Access, anaweza kuandika kitanzi cha DAO kinachosoma rekodi moja moja, kinakili kila safu, na kikikutana na kosa kiandike namba ya rekodi kwenye jedwali la kando na kuendelea. Kitanzi kisifiche makosa kimyakimya, kwa kuwa orodha ya yaliyoshindikana utaihitaji kwenye swali la 16.

7. Nikifungua jedwali naona rekodi 5,200, lakini hoja inaniletea 4,870. Niamini ipi?

Hiyo ni dalili ya faharasa (Index, orodha ya kutafutia rekodi) iliyoharibika. Access husoma njia mbili: kupitia kurasa za data zenyewe au kupitia faharasa, na faharasa ikikosa sehemu, rekodi zilizo chini yake hazionekani ingawa zipo. Ingiza jedwali kwenye hifadhidata mpya kwa muundo pekee, ondoa faharasa zote na ufunguo msingi, kisha ongeza rekodi zote bila kichujio wala mpangilio. Kanuni ya swali la 5 kuhusu kupanga namba itafuata baadaye, ukiwa na jedwali zima mkononi.

Ukirudisha ufunguo msingi na Access ikakataa kwa sababu kuna namba zilizojirudia, usifute moja kwa pupa. Zisome zote mbili. Mara nyingi moja ni toleo la zamani la rekodi hiyohiyo, na ni mwenye data peke yake anayejua ipi ni ya kweli.

8. Nimefuta rekodi kwa bahati mbaya. Naweza kuzirudisha?

Ukikumbuka mapema, ipo nafasi. Access haifuti baiti papo hapo. Huweka alama kwamba rekodi imefutwa na kuacha nafasi ile itumike baadaye. Kinachozimaliza ni rekodi mpya kuandikwa juu yake, au "Compact". Kwa hiyo acha kuingiza chochote, zima mpangilio wa kukandamiza kila unapofunga kama umewashwa, na unakili faili mara moja.

Access yenyewe haina njia ya kuzionyesha. Zinahitaji programu ya uokoaji inayosoma kurasa moja kwa moja, au mtu anayeujua muundo wa kurasa hizo.

9. Majedwali nimeyapata, lakini fomu na programu za VBA zimegoma.

Jaribu kwanza kuziingiza moja moja kama majedwali. Zikigoma, fungua nakala kwa kuongeza /decompile kwenye njia ya mkato ya Access. Hiyo hutupa toleo la VBA lililotafsiriwa tayari na kubakiza matini uliyoandika, na shida nyingi za VBA ziko kwenye hilo toleo lililotafsiriwa.

Njia ya pili ni amri Application.SaveAsText, ambayo hutoa fomu moja kama faili la maandishi, na LoadFromText kuiingiza kwenye hifadhidata mpya. Hata fomu isiyofunguka kwa muundo wake wakati mwingine hutoka kwa njia hii.

10. Sina Access kwenye kompyuta. Kuna njia ya bure?

Ipo. mdbtools ni programu huria inayosoma .mdb na .accdb kwenye Linux bila Access. Amri mbili zinatosha kuanza:

mdb-tables -1 nakala.mdb

mdb-export nakala.mdb Malipo > malipo.csv

Ya kwanza inaorodhesha majedwali, ya pili inatoa jedwali la Malipo kuwa CSV ambayo Excel au LibreOffice itaifungua. Ninaipenda kwa sababu nyingine pia: inasoma tu na haina haja ya kuandika, na pale Access inapokataa faili zima kwa sababu ya fomu mbovu au VBA, yenyewe haijali vitu hivyo. Wanaoandika Java wana maktaba ya Jackcess kwa kazi kama hiyo.

## Hali zisizo za kawaida

11. Hakuna programu inayolitambua faili hata kidogo. Imekwisha?

Lifungue kwa kihariri cha heksa, programu inayoonyesha baiti za faili moja moja, uone mwanzo wake. Faili zima huanza na baiti nne, kisha maneno Standard Jet DB kwa .mdb, au Standard ACE DB kwa .accdb. Ukiyakosa, shuka chini. Kama huko unaona majina ya watu na maandishi yenye maana, ukurasa wa kwanza pekee ndio ulioharibika.

Hapo kuna upasuaji unaofanikiwa wakati mwingine: chukua hifadhidata tupu iliyotengenezwa na toleo lilelile la Access, nakili baiti zake 4,096 za kwanza, na uzibandike juu ya zile za nakala yako. Orodha ya vitu vyote vya faili haimo kwenye ukurasa huo, ndiyo maana jambo hili linawezekana. Haliwezekani kwa faili lililosimbwa (encrypted).

Kama baiti zote ni sufuri, nenda swali la 17.

12. Faili lina nywila na hakuna anayeikumbuka.

Kwenye .mdb nywila ni kizuizi cha mlangoni tu: data yenyewe haikusimbwa kwa hiyo nywila, na mdbtools inaweza kuisoma. Kwenye .accdb nywila husimba faili lote. Bila nywila, uokoaji wa .accdb hauanzi. Mtafute aliyeiweka, hata kama ameshahama kazi.

13. Faili limefika GB 2 na sasa halikubali kitu.

Hicho ndicho kikomo cha Access, na halijaharibika kwa lazima. Hapa ukandamizaji ndiyo hatua ya kwanza, baada ya nakala, kwa sababu sehemu kubwa ya ukubwa huo huenda ni nafasi tupu. Usipopungua, hamishia majedwali makubwa kwenye hifadhidata ya pili na uyaunganishe.

14. Ninatumia Epi Info (programu ya takwimu za afya), si Access.

Epi Info 7 huhifadhi miradi yake kwenye faili la .mdb isipokuwa umechagua vingine, kwa hiyo maswali ya 1 hadi 7 yanakuhusu moja kwa moja. Nakili folda nzima ya mradi, si .mdb peke yake. Je, hifadhidata yako ni ya aina nyingine, SQLite au dBase? Kwa SQLite, jaribu amri ya .recover iliyomo kwenye programu yake ya mstari wa amri. Kwa .dbf, yaani faili la dBase, tatizo la kawaida ni idadi ya rekodi iliyoandikwa kichwani kutolingana na zilizomo, na hilo hurekebishika.

15. Nimpe fundi, au nipakie faili kwenye tovuti ya kutengeneza mafaili?

Kama diski yenyewe inapiga kelele au inasoma kwa kusuasua, acha yote na umpeleke fundi wa diski. Nakala kamili ya diski nzima itolewe kwanza, kwa ddrescue au chombo kama hicho, kabla ya mtu kugusa faili.

Programu za kulipia nyingi huruhusu kuona kitakachopatikana kabla ya malipo. Tumia nafasi hiyo, na usiangalie majina ya majedwali tu: fungua rekodi za mwezi wa mwisho usome.

Tovuti za kupakia ni jambo jingine. Faili la zahanati lina hali za afya za watu. Kenya ina Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 na Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, na hata zisingekuwepo, wagonjwa wale hawakukupa ruhusa ya kupeleka siri zao kwenye kompyuta usiyoijua. Fundi naye aandikishwe kwamba atafuta nakala akimaliza.

16. Nitajuaje kwamba nilichookoa kimetimia?

Linganisha na kitu kilicho nje ya faili. Ripoti ya mwisho iliyochapishwa ina jumla: jumla hiyo itoke pia kwenye majedwali mapya, kwa tarehe zilezile. Tafuta namba zilizorukwa kwenye ufunguo msingi, uzilinganishe na orodha ya rekodi mbovu ya swali la 6. Tafuta malipo yasiyo na mteja. Kisha fungua dirisha la mahusiano, maana mahusiano na funguo hupotea kimyakimya wakati wa matengenezo, na hifadhidata isiyo nazo itakubali uchafu kuanzia siku hiyo.

17. Faili limejaa sufuri tupu. Hakuna kabisa?

Ndani ya faili hilo, hakuna. Ukubwa wake unaonekana uleule kwa sababu Windows ilitenga nafasi kabla umeme haujakatika, lakini yaliyomo hayakufika kwenye diski. Usimlipe mtu alifufue.

Tafuta nje yake. Bofya folda kwa kitufe cha kulia uone kama Windows ina matoleo ya awali. Pekua barua pepe zilizotumwa makao makuu zikiwa na kiambatisho cha .accdb au Excel, flashi ya mtu aliyewahi kufanyia kazi nyumbani, kompyuta ya zamani iliyobadilishwa. Ukipata nakala ya miezi sita iliyopita, anzia hapo. Yaliyokosekana yapo kwenye vitabu vya stakabadhi, kadi za wagonjwa na rejista za mkono. Gawa vitabu hivyo kwa watu wawili: mmoja asome kwa sauti, mwingine aingize, na kila kitabu kikiisha jumla yake ithibitishwe kabla ya kufungua kingine.